Glukomita ya nyumbani hapa Moshi: stripu ndiyo ya kuangalia

Glukomita (mashine ya kupima sukari kwenye damu) ninayotumia ni ile ndogo ya mkononi, inayotaka tone la mikrolita 0.5 na kutoa jibu kwa sekunde tano. Naipenda, ila kwa masharti, maana kazi yenyewe inafanywa na stripu, kile kipande chembamba kinachochomekwa kwenye mashine na kupokea damu. Kwenye ncha ya stripu kuna elektrodi (vipitisha umeme) zilizopakwa kimeng'enya cha glukosi oksidezi. Kimeng'enya kinachukua elektroni kutoka kwenye glukosi, yaani sukari ya damu, kemikali ya kati inazifikisha kwenye elektrodi, na mashine inapima umeme huo mdogo sana. Sukari ikipanda, umeme unapanda. Stripu ikiharibika, mashine inaweza kukuonyesha namba ya uongo bila onyo lolote.

Adui wa kwanza ni unyevu. Kopo la stripu lina kikaushi ndani, kwa hiyo toa stripu moja, ufunge papo hapo. Ukiuziwa stripu za kuhesabu, zimefungwa kwenye karatasi, ziache hata zikiwa rahisi. Andika tarehe ya kufungua kopo. Zangu mwisho ni miezi mitatu, hata kama tarehe iliyochapwa bado iko mbali. Joto la kuhifadhia lisizidi nyuzi 30, na Moshi ya Januari na Februari inapita hapo mchana, achilia mbali ndani ya gari.

Vidole navyo vinadanganya. Ukitoka kumenya ndizi mbivu au embe, sukari iliyobaki kwenye ngozi inatosha kupandisha jibu vibaya sana. Osha kwa maji na sabuni, kausha kabisa (maji yanazimua damu), kisha toboa pembeni mwa ncha ya kidole. Usikamue kwa nguvu.

Mwenye upungufu wa damu awe makini: seli nyekundu zikipungua, jibu huelekea kusoma juu kuliko ukweli. Vitamini C ya dozi kubwa, na kwa baadhi ya stripu parasetamoli pia, huachia elektroni zake kwenye elektrodi na kuongeza namba.

Kwa waongoza wageni wa Kilimanjaro, yangu haifai huko juu. Chini ya nyuzi 10 inagoma, na oksijeni ikipungua, elektroni ambazo ingezichukua zinakwenda kwenye elektrodi, namba inapanda. Tafuteni stripu za kimeng'enya kingine, glukosi dihaidrojenezi, ambazo haziathiriwi na oksijeni, na mashine ikae ndani ya koti.

Usahihi? Kiwango cha kimataifa cha glukomita, ISO 15197 cha 2013, kinaruhusu tofauti ya asilimia 15 kuanzia sukari ya 5.55 mmol/L (milimoli kwa lita) kwenda juu. Damu yenye 8.0 inaweza kusomeka 6.8 au 9.2, na mashine bado imefaulu. Usibadilishe dozi ya insulini kwa tofauti ndogo hizo.

Kinachonikera ni kimiminika cha kuhakiki stripu: kinauzwa peke yake na maduka mengi ya dawa hayakiweki. Kabla ya kulipia mashine, uliza kama wanacho, kisha uliza bei ya boksi la stripu. Ikiwa mashine inasoma kwa mg/dL (miligramu kwa desilita), gawanya kwa 18 upate mmol/L.