Nembo mpya, simu ileile isiyopokelewa: tathmini ya matangazo ya chuo kimoja cha kati mjini Kigoma

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi eneo la Mwanga, na tangu matokeo ya kidato cha nne yanapotoka mwezi Januari hadi dirisha la udahili linapofungwa, kazi yangu kubwa ni kuwajazia vijana maombi ya vyuo. Ninachokitathmini hapa si ufundishaji, ambao sina sifa ya kuupima, bali namna chuo kinavyojitangaza na kuzungumza na watu wanaotaka kujiunga nacho. Chuo chenyewe kimo ndani ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji na kinafundisha umeme, ufundi magari, ushonaji na maendeleo ya jamii. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa wanafunzi wake ni wateja wangu na ningependa waendelee kuwa wateja.

Nianze na nembo, kwa sababu ndiyo iliyogharimiwa zaidi. Ile ya zamani ilikuwa spana na jembe vilivyopishana juu ya duara la buluu, mchoro wa mkono ambao watu waliujua kuanzia Ujiji hadi Mwandiga. Mpya ina ngao, kitabu kilichofunguliwa, mwenge, gurudumu la meno, mawimbi ya ziwa na samaki mmoja ambaye, hata nikimtazama kwa makini, si mgebuka wala kuhe. Juu ya bango kubwa inapendeza, sikatai. Nilipoletewa kazi ya kuichapa kwenye vitambulisho vya wanafunzi, kwa upana wa sentimita moja na nusu, mwenge ulimezwa na ngao na samaki akageuka doa. Kwenye barua ambazo huwafikia wazazi zikiwa zimetolewa kopi mara mbili au tatu, nembo nzima huonekana kama alama ya kidole chenye wino. Kauli mbiu iliyoandikwa chini yake ni ya Kiingereza, na mama mmoja kutoka Kibirizi aliyemleta mwanawe dukani aliyanyooshea kidole maneno hayo akaniuliza kama ndiyo masharti ya ada.

Suala la ada ndilo lililonifanya niandike. Bango linatangaza kwamba ada ni kuanzia shilingi 450,000 kwa mwaka, na neno "kuanzia" limeandikwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba aliye juu ya bodaboda hawezi kuliona. Nilimchapia mpwa wangu fomu ya kujiunga, yenye kurasa sita, tukaketi kuijumlisha kwa kalamu: mtihani, kitambulisho, sare jozi mbili, fedha ya tahadhari, mchango wa serikali ya wanafunzi, bima ya afya na hosteli. Tulipofika shilingi 812,000, chakula kikiwa bado, aliniuliza, "Mjomba, kwani lile bango lilikuwa la chuo kingine?" Sikuwa na jibu. Sidai kwamba gharama hizo ni kubwa kuliko za vyuo vingine. Nyingi ni za kawaida na mzazi anayeambiwa mapema hujipanga. Anayeambiwa baada ya mtoto kukubaliwa huona ametegwa, na habari hiyo huifikisha sokoni siku hiyohiyo.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba katika ukurasa wa nne wa fomu hiyohiyo, chini kabisa, imeandikwa kuwa ada inaweza kulipwa kwa awamu nne. Katika mji huu, hakuna habari njema inayozidi hiyo. Mvuvi wa dagaa hutegemea usiku wa giza, kwa kuwa taa zake hazivuti samaki mbalamwezi ikiwa kali, hivyo kila mwezi ana siku za kupata na siku za kukaa pwani akishona nyavu. Mkulima wa maharage wa Kasulu hushika fedha baada ya mavuno, na anayekamua mawese ana msimu wake. Watu hawa huweza kulipa, ila si kwa mkupuo. Chuo kimewawekea utaratibu unaowafaa kabisa, kisha kikauficha nyuma ya orodha ya shuka na ndoo, huku bangoni nafasi ileile ikipewa picha ya vijana waliovaa makoti meupe katika maabara ambayo haipo chuoni.

Kuhusu usajili, kipeperushi kinasema kozi zote zimesajiliwa na kinaishia hapo. Kwa yeyote anayesaka chuo, hilo halitoshi. Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET, hutoa mwongozo wa udahili unaoonyesha kozi, ngazi yake na sifa za kujiunga, na tofauti kati ya ngazi ya 4, ambayo ni astashahada ya awali, na ngazi ya 6, ambayo ni stashahada, ni miaka ya maisha ya mtu pamoja na fedha za ukoo mzima. Namba ya usajili na ngazi ya kila kozi zingeenea katika mistari minne, tena bila kumlipa mchoraji.

Simu nayo ina habari yake. Kwenye bango la njia panda, namba imebandikwa kwa stika juu ya namba ya zamani. Niliipiga siku tatu mfululizo saa za kazi bila kupokelewa. Siku ya nne nilijibiwa kwa WhatsApp saa nne usiku, kwa salamu ya kujiendesha iliyonikaribisha katika familia ya chuo na kuniomba nipige namba ileile. Mpokezi wa chuoni, nilipokwenda mwenyewe, alikuwa mwungwana na mjuzi wa kila kozi, lakini alikuwa peke yake, akipokea wageni, akikagua stakabadhi za benki na akitakiwa pia ajibu simu. Fedha za nembo zingemwajiri msaidizi kwa msimu mzima wa udahili.

Kuna kosa moja ambalo sitalipitia kwa upole. Majina ya waliochaguliwa yaliwekwa kwenye ukurasa wa Facebook wa chuo yakiwa na namba za simu za wazazi, na ndani ya wiki hiyo wazazi wawili waliletewa ujumbe wa kuwataka watume "fedha ya kushikilia nafasi" kwa namba ya mtu wasiyemjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inavihusu vyuo kama inavyozihusu benki. Orodha iliondolewa baada ya siku tano.

Hata hivyo, chuo hichohicho kilifanya jambo ambalo sijaona chuo kingine hapa mjini kikilifanya. Jumamosi moja wanafunzi wa ufundi magari walitoka na meza zao hadi kijiwe cha bodaboda, wakazikagua pikipiki bila malipo ya ufundi, mwenye chombo akinunua kipuri tu. Nilisimama pale karibu saa moja. Msichana wa mwaka wa pili, mikono yake imejaa grisi hadi kwenye viwiko, alimweleza dereva mmoja kwa Kiha kwa nini mnyororo wake ulikuwa ukiruka, akaukaza, akamwambia azunguke na kurudi. Dereva aliporudi aliuliza chuo kiko wapi na kama mdogo wake aliyepata D nne anaweza kupokelewa. Hapakuwa na kipaza sauti, na nembo ilikuwa moja tu, imeshonwa mfukoni mwa ovaroli na wanafunzi wa ushonaji, ile ya zamani ya spana na jembe. Wiki iliyofuata nilijaza maombi tisa ya ufundi magari, na vijana sita kati ya hao walitaja pikipiki. Bango halikutajwa na yeyote.

Kwa matangazo ya kulipia ninakipa chuo hiki nyota mbili kati ya tano, na kwa Jumamosi ile nyota tano. Anayetaka kujiunga aende mwenyewe asubuhi kabla ya saa tatu, foleni ikiwa bado fupi, aombe fomu nzima ya kurasa sita badala ya kipeperushi, na asome ukurasa wa nne kabla ya ule wa kwanza. Namba ya njia panda asihangaike nayo. Nilipopita hapo juzi mvua ilikuwa imebandua nusu ya stika, na sasa inasomeka mwanzo wa namba mpya na mwisho wa ile ya zamani.