Majibu ya patholojia baada ya upasuaji wa tezi dume: maabara imara, kliniki yenye haraka

Majibu ya patholojia, yaani uchunguzi wa tezi yenyewe maabarani, yalinifikia siku ya 12 baada ya kuondolewa tezi dume, na kwa upande wa maabara sina lawama. Ripoti ilitaja alama ya Gleason (kipimo cha ukali wa saratani ya tezi dume) 3+4=7, yaani kundi la 2 kati ya 5, ambapo 5 ndilo kali zaidi, ikaeleza kuwa saratani haikuvuka ganda la tezi wala kuingia kwenye vifuko vya shahawa, na kwamba tezi za limfu zilizotolewa zilikuwa safi. Mpangilio wa namba hizo si jambo dogo: 4+3 nayo hutoa 7, lakini huashiria ugonjwa mkali zaidi.

Kasoro ilikuwa kliniki. Mstari uliosema kuwa ukingo mmoja wa tezi iliyokatwa una seli za saratani kwa urefu wa milimita 2 ulisomwa harakaharaka, kama mtu asomaye anwani ya bahasha, nami nikarudi nyumbani nikidhani nimeachiwa uvimbe mwilini. Wiki iliyofuata ndipo muuguzi, kwa subira na kalamu nyekundu, aliponichorea tezi na kunieleza kwamba ukingo wa aina hiyo huongeza uwezekano wa ugonjwa kurejea, ila wagonjwa wengi wenye hali hiyo hawarejewi.

Kipimo cha damu cha PSA (protini itokayo kwenye tezi dume) cha wiki ya 8 kilisoma chini ya nanogramu 0.1 kwa mililita, kikifika 0.2 na kuthibitishwa mara ya pili, tutajadili mionzi. Maabara naipa nyota 5, kliniki 2, na zote mbili ni za muuguzi.