Waridi “la kunukia” nililouziwa Kigoma, na neno nililojibiwa

Naandika mikono yangu yote miwili ina mikwaruzo. Leo asubuhi nimeling'oa lile waridi dirishani kwa mama nikalipeleka uzioni, na hata katika kung'olewa limenichana. Nimekaa na hasira hii tangu mvua zilipoanza, acha niiseme.

Mama yangu presha ya macho imemmaliza nuru. Siku hizi anatofautisha mchana na usiku, basi. Anashinda barazani hapa Ujiji, watu anawatambua kwa mwendo wao, mboga anaijua kwa harufu kabla haijafika mezani. Siku moja akaniambia, “Mwanangu, nipandie waridi hapa dirishani, kama lile la bibi yako.” Bibi alikuwa akichuma alfajiri, umande haujakauka, anachanganya na asumini na rehani kwenye sinia, nyumba nzima inabadilika. Mama alikuwa ananiomba kitu cha pua, si cha macho.

Nikaenda kwenye kitalu kimoja pale mjini Kigoma. Nilimwonyesha mwenye kitalu picha kwenye simu: Zéphirine Drouhin, waridi la Ufaransa la tangu 1868, linapanda ukutani, linanukia sana, na halina miiba. Hiyo miiba ndiyo iliyonifanya nilichague. Mama anatembea kwa kupapasa; nitamwekeaje miiba dirishani mtu asiyeona?

Akatazama picha kidogo tu. “Ndilo hili hili, mama. Sema la kwetu ni jekundu.”

Nikamwambia, mbona hili lina miiba? “Itapungua likizoea udongo.” Nikainamia ua, halina harufu. “Saa hizi jua kali, harufu imekimbia. Asubuhi utalifurahia.” Hapo ndipo aliponipata, maana hilo la mwisho ni kweli. Waridi hunukia zaidi asubuhi, jua likipanda harufu inapotea, ndiyo maana bibi alikuwa anawahi alfajiri. Mtu akikupa uongo mbili na kweli moja, unaishika ile kweli unaondoka nayo. Nikatoa 25,000. Kwenye bajaji nililishika katikati ya magoti, nikafika nyumbani khanga imechanika.

Sikulipunja kitu. Shimo nilichimba mwenyewe, samadi ya ng'ombe iliyooza sawasawa, upinde wa mianzi juu ya dirisha. Likashika. Ua la kwanza lilipofunguka nililikata alfajiri nikampelekea mama kitandani. Akaliweka puani, akasubiri. Akasema, “Bado halijakomaa.” La pili, “Bado.” La tatu pia akasema bado. La nne hakulipeleka puani kabisa, alilishika tu mkononi huku akiniuliza habari za sokoni. Alikuwa ananistahi. Mimi mtu mzima nilitoka nje nikalia.

Baadaye upande mmoja ukaanza kukimbia, fimbo ndefu ya kijani, kila siku imeongeza, haitoi ua hata moja. Nikadhani ndiyo kupanda kwenyewe. Jirani yetu, bwana shamba mstaafu, alipita akasimama, akafukua udongo kwa kidole. Akanionyesha kifundo kwenye shina: hapo ndipo mche ulipobebeshwa juu ya shina la waridi jingine, na ile fimbo ilikuwa imetoka chini ya kifundo. Ni oteo, yaani chipukizi la lile waridi pori lililobeba mche, samadi yangu yote ilikuwa inaishia huko. Vijani vyake vilikuwa saba kwenye kikonyo, vya lile jekundu vitano, ingawa alisema kuhesabu vijani hakuaminiki sana, cha kuamini ni mahali linapotokea. Na usilikate kwa kisu, linachipua tena. Lishike chini kabisa ulinyofoe. Tukalinyofoa. Yale matawi mazuri akanifundisha kuyalaza kwenye upinde badala ya kuyaacha yasimame wima, na kweli maua yakatoka tawi zima.

Kwa macho ni waridi zuri, nisiseme uongo. Wapita njia wanasimama. Lakini harufu hakuna, na bwana shamba alinieleza kwamba mengi ya mawaridi ya namna hii yamezalishwa kwa ajili ya maua ya kukata: kikonyo kirefu, yakae siku nyingi kwenye chombo, yavumilie safari. Harufu haikuwa kwenye hesabu.

Basi nikarudi kitaluni. Sikuenda kudai pesa, nilitaka aseme tu kwamba alikosea. Kulikuwa na wateja wawili wamesimama. Akanisikiliza huku anakunja mpira wa maji, akasema, “Mama, maua ni ya kutazama. Ukitaka harufu kanunue pafyumu.”

Nikamwambia, “Mama yangu haoni.”

“Sasa hilo nalo kosa langu?”

Miche kufa au kukosewa, hayo nayasamehe, ni mambo ya shamba. Neno lile silisamehe.

Nilikuwa nimeshafika barabarani kijana anayemwagilia pale aliponikimbilia na kopo la rangi mkononi, ndani yake kichaka kifupi, maua ya pinki madogo, nusu yamepukutika. “Mama, chukua hili. Hili linanukia kweli. Bosi hataki kulipanga mbele, maua yake hayakai.” Akataka 2,000. Nikampa kwa hasira, sikulinusa hata.

Nililiweka barazani niende kunawa mikono. Nikamsikia mama ndani: “Nani kachuma waridi?”

Nilikuwa sijalipanda bado, na yeye kalijua kutoka chumbani. Sasa lipo pale dirishani, miiba yake ni midogo na nimeipogoa upande wa ndani. Linachanua, linapumzika, linachanua tena.

Kwa hiyo sijui niwaambie nini kuhusu kitalu kile. Nilianza kuandika nikitaka kusema msikanyage. Kisha nikamkumbuka yule kijana, nikaona basi nendeni, mumuulize yeye. Lakini nikirudi kwenye lile neno, hapana. Shilingi yangu haiingii pale tena.

Nimekata vipandikizi vya lile la pinki, unene wa penseli, kila kimoja na macho manne ya kuchipulia, vipo kivulini chini ya mwembe na nimevifunika kwa chupa za maji. Vitano vimeshachipua. Wa hapa Ujiji mwenye kutaka aje, simtozi kitu. Aje asubuhi mapema, mama atakuwa barazani, atamnusisha kwanza.