Paneli za sola za utando mwembamba: ipi itangulie, ipi isubiri

Silikoni ya paneli za kawaida hukatwa vipande vyenye unene wa takriban maikromita 150, ilhali utando mwembamba kwa kawaida haufiki maikromita 5. Kwa hiyo malighafi yake sharti ifyonze mwanga kwa wingi na istahimili joto na unyevu. Hapo ndipo bidhaa hizi zinapotofautiana.

Kwa paa la nyumba ya Tanga au Mombasa, naitanguliza kadimiamu teluraidi, yaani mchanganyiko wa kadimiamu na teluriamu. Paneli zake za sasa hufikia ufanisi (sehemu ya mwanga inayogeuzwa umeme) wa takriban asilimia 18, na joto haliziumizi sana. Mwombe muuzaji karatasi ya vipimo, utazame upungufu wa nguvu kwa kila nyuzi: palipoandikwa −0.28%, paneli iliyofikia nyuzi 65 za Selsiasi, yaani 40 juu ya kiwango cha kupimia, itapoteza kama asilimia 11, na ya silikoni yenye −0.40% itapoteza 16. Kabla ya kulipa, soma pia kwenye kibandiko cha nyuma volti ya paneli isipounganishwa na kitu (Voc), kwani nyingi huzidi uwezo wa kontrola ndogo (vidhibiti vya chaji) za betri ya volti 12, na fundi asiyelijua hilo ataiunguza kontrola siku ya kwanza. Ni nzito kwa sababu ya vioo viwili, na ikivunjika isitupwe jalalani, maana kadimiamu ni sumu.

Ya pili ni ile ya shaba, indiamu, galiamu na seleniamu. Hutandazwa hata juu ya bamba jembamba la chuma, hivyo inafaa turubai la boti au bati lisilohimili uzito, mradi kingo zake zimezibwa vizuri dhidi ya unyevu. Tatizo ni upatikanaji: Solar Frontier ya Japani, iliyoweka rekodi ya asilimia 23.35 mwaka 2019, ilitangaza mwaka 2021 kuacha kuitengeneza.

Silikoni amofasi, yaani isiyo na mpangilio wa fuwele, iliyouzwa sana Kenya miaka ya 1990 katika paneli za wati 12 hivi, naiweka ya tatu. Hupungua nguvu miezi ya mwanzo kwa kupigwa na mwanga, na kilowati moja hudai takriban mita 14 za mraba, wakati ile ya kwanza haifiki 6. Inunue kwa taa na redio tu, tena kwa bei ya chini sana.

Perovskaiti, kundi la malighafi mpya za sola, imevuka asilimia 25 maabara, lakini unyevu huichakaza upesi. Kwa nyumbani, isubiri mpaka muuzaji akupe dhamana ya maandishi ya miaka 20 au zaidi.