Vifaranga wa kambale wa 200 na wa 350, uzoefu wangu

Nimeshanunua vifaranga wa kambale kwa watu wawili tofauti, wote huku ukanda wa Pwani, majina siyataji maana sijaja kumharibia mtu biashara. Wa kwanza anauza sh 200 kifaranga, wa pili 350. Ukiniuliza yupi ana bei nafuu nakwambia wa 350, tena bila kufikiria mara mbili.

Shida ya kambale wanakulana jamani. Wakiwa wadogo, ukichanganya size, yule aliyetangulia kukua anawafanya wenzie msosi, na akishaonja nyama ndo anazidi kufumka. Mimi nimemuona kwa macho yangu kifaranga wa kidole amemmeza mwenzie, mkia unaning'inia mdomoni, na bado anakatiza kwenye maji kama hana habari. Sasa yule jamaa wa 200 alinipa mchanganyiko, wengine kama kijiti cha kiberiti wengine mara tatu yake, wote mfuko mmoja wa oksijeni. Katika 1,000 walifika kuvuliwa mia tatu na kitu. Piga hesabu, hapo kifaranga mmoja kanigharimu zaidi ya 600, na bwawa lilikaa nusu tupu muda wote huo huku pampu inakula umeme.

Huyu wa pili anachambua kwa beseni zenye matundu kabla hajakuuzia, na anakuhesabia mbele yako. Alinionyesha mpaka wanavyototolesha, jike anachomwa sindano ya homoni halafu anakamuliwa mayai, dume yeye anapasuliwa kabisa maana mbegu zake hazikamuliki, mayai yanatotoa ndani ya siku moja na kidogo kama maji yana joto zuri. Nikifika nyumbani naacha mifuko ielee bwawani kwanza joto lilingane, nafunika neti kwa ajili ya mdiria na vyura, halafu baada ya wiki chache nachambua tena mwenyewe. Kwake walibaki zaidi ya mia nane.

Ila tusidanganyane kwenye faida. Wale wanaopost bwawa moja linaleta mamilioni chakula huwa hawakitaji, na chakula ndo kinabeba kama asilimia 60 mpaka 70 ya gharama. Kambale wa kilo moja kwa chakula cha kuelea kizuri anaweza kula kilo moja na nusu hivi, mimi nanunua 4,000 kilo, kwahiyo hapo 6,000 imeshaenda, na nauza 8,000 bwawani. Kwenye ile 2,000 toa kifaranga, umeme, mlinzi, uone kinachobaki. Kilichoniokoa ni funza ninaowazalisha kwa mabaki ya sokoni, kambale wakishavuka ukubwa wa kiganja nachanganya hao funza kwenye chakula chao, ila kambale wakiwa wadogo sibanii, nawapa chakula chenye protini ya asilimia 40 na kuendelea, ukibania hapo watadumaa na kulana zaidi.

Soko nalo uliangalie kabla hujachimba. Huku wengi wanataka sato, kambale hana magamba na Wasabato hawamgusi kabisa, wengine wanasema tu ana harufu ya tope, hiyo dawa yake ni kumweka kwenye maji safi siku mbili bila kula kabla ya kuuza. Wanaochukua sana kwangu ni mama wawili wanaokausha kwa moshi, wanalipa cash na hawabagui size.

Kwahiyo wa 350 nampa nyota nne. Moja nimeitoa kwa sababu hasafirishi, lazima uende mwenyewe alfajiri kabla ya jua, na simu yake ukipiga baada ya saa nne asubuhi usahau.