Ligi ya besiboli ya vyuo kwenye simu: uanze na LSU au Coastal Carolina?

Mkicheza gemu ya besiboli ya vyuo kwenye simu na mkaweka kupanda na kushuka daraja, kitu ambacho ligi halisi ya vyuo Marekani haina kabisa, swali la kwanza ni uchukue timu gani. LSU (chuo kikuu cha jimbo la Louisiana) ni kubwa kweli, mataji 8 ya Omaha, mji unaochezewa fainali za ubingwa wa vyuo, la mwisho 2025, vijana wazuri wanakuja wenyewe, ila ukiwaweka daraja la juu kila mechi ni presha na drafti, yaani timu za kulipwa kuchagua vijana, inakubebea mastaa wakimaliza mwaka wa 3 tu, yaani unajenga timu inaondoka.

Coastal Carolina, chuo cha South Carolina, nao si wa kubeza, walienda Omaha mara ya kwanza 2016 wakabeba kombe palepale. Waanzishe daraja la pili uone utamu, mechi 56 za msimu hakuna ya kulala, hata ile ya Jumanne ambayo kocha huwa anampa mrushaji wa akiba inaweza kukunyima kupanda. Wapigaji wako wa kawaida tu, sawa, lakini skauti wa ligi kuu ya kulipwa hawawasumbui sana so wengi wanabaki mpaka mwaka wa 4 na kikosi kinazoeana.

Mi nachukua Coastal, LSU wachukue wapenda makombe ya haraka.