Woka ya magurudumu manne kwa mzee mwenye Parkinson: nimekaa nayo miezi minane

Naona watu wengi wanaulizia hizi woka za magurudumu manne, vile vifaa vya kushikilia wakati wa kutembea, zile zenye kikalio katikati na kikapu mbele, nikasema ngoja na mimi niandike maana nilivyokuwa naitafuta sikupata wa kuniambia chochote zaidi ya muuzaji, na muuzaji unamjua, kwake kila kitu ni "dada hii inafaa wazee wote." Haifai wazee wote jamani. Baba yangu ana Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na mwili kuwa mzito, mwaka wa sita huu na hii woka ilibaki kidogo imtupe mtaroni.

Mzee ni mwalimu mstaafu, ana miaka 71. Mwanzo ulikuwa mkono wa kulia kutetemeka tu, na miaka miwili nzima tunaambiwa ni uzee, mpaka akapatikana daktari mmoja akamwambia tembea mpaka mlangoni urudi, akamwangalia mkono usiobembea wakati anatembea akajua hapohapo. Wala si sisi peke yetu, kuna utafiti ulifanyika wilaya ya Hai kule Kilimanjaro walipita nyumba kwa nyumba, wengi waliokutwa na huu ugonjwa walikuwa hawajawahi kuambiwa kama wanao.

Kuanguka kumeanza mwaka jana, na siyo kuanguka kwa kujikwaa. Anaanguka kinyumenyume. Anavuta mlango wa friji, mlango unakuja yeye anaenda nyuma mzimamzima kama mnazi, hata mkono hawahi kuweka chini. Alafu kuna kuganda. Anatembea vizuri tu, akifika kwenye kizingiti miguu inagoma, mwili wa juu bado unataka kwenda, miguu kama imepigwa gundi. Mama akimkimbilia amvute mkono ndo wanaanguka wote wawili.

Tulianza na ile woka ya bila magurudumu, ya aluminiamu, elfu themanini na tano Kariakoo. Aliyevunjika nyonga sawa, itamsaidia, ila kwa Parkinson naiona hasara. Unainyanyua, unaitua mbele, unapiga hatua, unainyanyua tena. Sasa ugonjwa wenyewe ndo umeharibu ile sehemu ya ubongo inayofanya mtu atembee bila kuwaza, afu we unampa mambo matatu ya kupanga kwa kila hatua moja. Na akiinyanyua tu uzito unarudi kwenye visigino. Ndani ya wiki tatu alianguka nayo mara mbili, ya pili ikamlalia juu kifuani.

Ndo tukahamia kwenye magurudumu, laki tatu na ishirini, duka silitaji. Nianze na mazuri maana yapo. Fremu ni ngumu, mzee ana kilo 78 na haijawahi kupinda wala kulia. Kikalio kizuri sana, kutoka kwetu mpaka msikitini ni kama mita mia mbili na anapumzika katikati bila kuomba kiti kwa mtu. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kabla hajakaa breki lazima zifungwe kwa kuzisukuma chini, na bora iegemezwe ukuta, maana mzee wa Parkinson hakai, anajidondosha, na ikiteleza nyuma imekwisha. Kikapu kinabeba chupa ya maji, miwani na dawa. Inakunjika, kwenye bajaji inaingia ila kwa ugomvi. Magurudumu yenyewe ndo madogo, kwenye mchanga wa mtaani kwetu yanazama, ukinunua tafuta yenye matairi makubwa ya mbele hata kama inaongezeka bei.

Sasa breki. Breki zake ni kama za baiskeli, ukibana inasimama, usipobana inakwenda. Mtu mzima na afya yake anaona sawa. Mzee wa Parkinson ana ile hali ya hatua kuwa fupifupi halafu zinaongezeka kasi zenyewe, anainama mbele, anakuwa kama anakimbiza kivuli chake. Ukimpa kitu kinachoteleza mbele yake, kinakimbia na yeye anakikimbiza. Na vidole vyenyewe vizito, mpaka akili itume habari ya kubana breki woka ishafika kwa jirani.

Siku ya nne tangu tuinunue, saa kumi na moja jioni, mi nipo barazani nachambua mchele. Kutoka getini kwetu kuna kamteremko kadogo tu hadi kwenye mtaro, hata huwezi kukaona ukiwa mzima. Nikasikia viatu, ta-ta-ta-ta-ta, haraka hivyo, nikainua macho mzee kashapita geti, kiwiliwili kimelala juu ya woka, mikono imenyooka, ananiita jina langu kwa sauti ile ndogo ya wenye Parkinson. Kijana wa bodaboda alikuwa anafuta pikipiki yake hapo, akairushia mguu gurudumu la mbele ikazunguka, mzee akamwangukia yeye. Ungo wa mchele sijui niliutupa wapi. Mzee alivyotulia akamwambia yule kijana asante sana, umefanya kazi ya mwalimu wa zamu.

Nikairudisha dukani kesho yake, wakasema imeshatumika. Haya.

Iliyookoa hii woka ni mtu wa mazoezi ya viungo wa hospitali ya serikali, dada mmoja mtaratibu hivi, elfu hamsini akija nyumbani na kila senti naihalalisha. Kitu cha kwanza aliuliza nani kawapimia urefu. Hakuna. Mishikio ilikuwa chini mno, ndo maana mzee alikuwa amelala juu yake. Akamsimamisha wima na viatu vyake, mikono ikining'inia, akapandisha mishikio mpaka ikalingana na kifundo cha mkono. Dakika mbili tu, vitundu vya kupandishia vipo tangu inatoka kiwandani na muuzaji hakutuambia. Cha pili akasema kuna woka za wenye magonjwa ya mfumo wa fahamu ambazo breki zake ni kinyume, imesimama muda wote mpaka ubane ndo inaachia, ukiachia tu inaganda. Binamu yangu aliyepo Marekani akaziona, nyingine zina hadi taa inayochora mstari chini wa kukanyagia, ila bei na kuisafirisha tukacheka tu. Basi tulichofanya tukampelekea fundi baiskeli, akakaza waya za breki mpaka ziwe zinasugua gurudumu kidogo muda wote. Elfu tatu. Sasa haiteremki yenyewe, mpaka aisukume. Inalia kichwikichwi lakini haikimbii. Ila msiende kwa fundi kabla mtaalamu hajamwona mgonjwa wenu, maana ukikaza sana anaisukuma kwa nguvu na hapo ndo anaganda zaidi.

Na kuganda kwenyewe woka haiondoi, mniamini. Kilichopunguza ni tepu. Yule dada alichukua tepu nyeusi ya hadwea akabandika mistari ya kukatiza korido yetu ya marumaru nyeupe, kuanzia mlango wa chumba hadi chooni, akampima mzee hatua yake nzuri ndo akaweka nafasi hiyohiyo. Mzee akiangalia mstari anauvuka. Nilishangaa, yaani mtu aliyeganda mlangoni dakika nzima anaambiwa vuka mstari na anavuka. Dada anasema njia ya kutembea bila kufikiria ndo imekufa, ya kutembea kwa kukusudia bado ipo, mstari unamkumbusha akusudie. Tepu ilibanduka kwa deki baada ya wiki mbili, tukapaka rangi. Mama alinung'unikia nyumba yake wee, sa hivi kanyamaza.

Pasipo na mistari anatumia mdundo. Dada aliuliza mzee alikuwa anapenda nini, nikasema alikuwa mwalimu wa mchakamchaka miaka ishirini. Akacheka. Basi sasa akiganda kwenye kizingiti hakuna kumvuta, mama anapiga makofi taratibu, mzee anahesabu kwa sauti kushoto kulia kama anaongoza darasa la tano, anainua goti juu, anapita. Na kugeuka hageuki hapohapo kama zamani, anazunguka kwa duara kubwa kama basi la mikoani linatafuta nafasi stendi. Na akitembea hakuna kumwongelesha. Hili lilikuwa gumu kwa wageni, mtu anakuja "shikamoo mwalimu" mzee yupo katikati ya korido, anajibu marahaba na miguu inasahau kazi.

Kuna lingine tulikuwa tunaisingizia woka. Nilinunua daftari nikaandika kila akianguka ni saa ngapi na alikuwa anafanya nini. Katika mara tisa, sita zilikuwa zinakaribia saa ya dawa, yaani levodopa, dawa yake ya Parkinson, imeisha nguvu na nyingine hajameza, na mbili alikuwa anainuka kutoka kwenye sijda. Tukampima presha amelala ikawa 138 juu, akasimama dakika mbili ikawa 112. Ikishuka 20 au zaidi ukisimama ujue siyo kizunguzungu cha njaa. Daktari akampangia upya dawa ya presha aliyokuwa anameza tangu enzi za ualimu, akasogeza na saa za levodopa, na sasa anaswalia kwenye kiti. Hilo la kiti alilikataa mwezi mzima mpaka imamu alivyoongea naye.

Nasema pia maana nimeona mtu anauza upupu wa kusaga anasema unaponya Parkinson. Upupu kweli mbegu zake zina levodopa ndani, hilo siyo uongo, lakini hujui kijiko kimoja kina kiasi gani, na ukichanganya na vidonge ndo presha inaporomoka na mtu anaanguka vizuri zaidi. Msijaribu kwa siri.

Mazoezi anafanya mara mbili kwa wiki, yale ya polepole ya Kichina yanayoitwa tai chi, ya kuhamisha uzito mguu huu kwenda ule, kule Marekani walishayajaribu kwa wagonjwa wa Parkinson wakachapisha 2012, walioyafanya walianguka kidogo kuliko waliofanya ya kujinyoosha tu. Mama anayaita karate ya wastaafu. Tangu mwezi wa tatu mzee ameanguka mara mbili, na zote alikuwa hana woka, alikuwa anajaribu kufunga zipu huku amesimama.

Kwahiyo woka kama inavyotoka dukani naipa nyota mbili. Ikiwa imepimwa urefu, imekazwa breki, na mgonjwa ameonwa na mtu wa mazoezi, naipa nne, ya tano nimeinyima kwa ajili ya yale magurudumu madogo. Dawa haisimamishi mtu asidondoke kama inavyolegeza mkono uliokakamaa, hilo daktari alituambia wazi, kwahiyo hela ya mtu wa mazoezi itengeni kabla ya hela ya woka.

Ile ya aluminiamu bado ipo stoo, nzima, mpira mmoja tu wa mguuni umeisha. Kama una mgonjwa wa nyonga au goti njoo uichukue, sitaki hela. Wa Parkinson simpi.